Anayetaka kuiona barafu ya Rwenzori awahi mwaka, asiharakishe siku

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limekuwa gumzo hapa Kasese, katika ofisi za walimu, katika migahawa ya sokoni na hata ndani ya taksi za kwenda Fort Portal, nalo ni safari ya kwenda kuiona barafu ya Milima ya Rwenzori kabla haijaisha. Hazipiti wiki mbili bila mtu kunijia, kwa kuwa inajulikana kwamba nimekwisha kupanda huko, akaniuliza swali lile lile: "Mwalimu, siku nne zinatosha?" Jibu langu huwa ni hapana, na kwa kuwa hapana isiyo na maelezo humwacha mwulizaji akitafuta mtu mwingine wa kumwambia ndiyo, nimeona ni heri niiandike sababu yake mahali ambapo wengi wataisoma.

Nakiri kwanza kwamba haraka hii haikuzuka bure. Mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Savoia, alipofika kilele cha Margherita, kilicho kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, katika mlima wa Stanley, mwezi wa Juni mwaka 1906 na kukipa jina la Malkia Margherita, mama wa mfalme wa Italia, alikuwa na mpiga picha hodari aliyeitwa Vittorio Sella, na picha zao zinaonyesha milima yote sita ya Rwenzori, yaani Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, ikiwa imevaa barafu mabegani. Leo Emin, Gessi na Luigi di Savoia ni mawe matupu, na iliyobaki kwingine ni mabaki tu ya ile ya zamani. Wanasayansi wa London na wa hapa Uganda walichapisha mwaka 2006 matokeo ya vipimo vyao, wakasema kwamba eneo la barafu lililokuwa kama kilomita za mraba sita na nusu mwaka 1906 lilikuwa limeshuka chini ya kilomita moja ya mraba kufikia mwaka 2003, na kwamba ikiendelea hivyo itatoweka katika miongo miwili. Miongo hiyo miwili ndiyo tunayoimalizia sasa. Nalo shirika la UNESCO lilitangaza mwaka 2022 kwamba barafuto, yaani mito ya barafu inayosogea polepole milimani, zitatoweka katika theluthi ya maeneo ya urithi wa dunia yaliyo nazo kabla ya mwaka 2050, zikiwemo zote za Afrika zilizosalia. Kwa hiyo anayesema "twende sasa" ana haki yake, na mimi sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na hesabu inayofuata baada ya kusema "twende sasa". Watu wanachukua uharaka wa miaka na kuugeuza kuwa uharaka wa siku, kana kwamba barafu iliyochukua zaidi ya karne moja kupungua itamalizika Alhamisi usiku, na hivyo safari inayohitaji siku nane inabanwa ndani ya siku nne au tano ili mtu awahi kazini Jumatatu. Naandika haya kwa kujua, kwa maana mimi ni mmoja wa waliofanya kosa hilo.

Safari yangu ya kwanza tulikuwa walimu saba, na tulifanya makosa mawili makubwa kabla hata hatujafunga mizigo. La kwanza lilikuwa la kuchagua likizo ya muhula wa kwanza, mwezi wa Mei, wakati mvua za masika zinapokuwa bado zinaendelea kunyesha. La pili lilikuwa la kumwamini wakala mmoja wa safari wa mjini Kampala aliyetuuzia siku tano, akituapia kwamba tutaigusa barafu kwa mikono yetu. Kwa mpango wake tulitakiwa kulala Nyabitaba usiku wa kwanza, John Matte usiku wa pili, kisha siku ya tatu tupitilize kituo cha Bujuku moja kwa moja hadi Elena, kituo cha mwisho kabla ya barafu, kilele alfajiri ya siku ya nne, na siku ya tano tuwe nyumbani. Kwenye karatasi ilionekana safi kabisa. Siku ya tatu, baada ya saa nyingi za kutembea kwenye matope chini ya mvua isiyokatika, tulifika Bujuku saa tisa alasiri huku mwenzetu mmoja, kijana aliyekuwa mwalimu wa michezo na mwenye nguvu kutuzidi sote, akilalamika kichwa, akitapika, na akipepesuka kama mtu aliyekunywa waragi. Nilimsihi kiongozi wetu atuache angalau watatu tuliokuwa wazima tuendelee hadi Elena. Aliniangalia kwa upole akasema, "Mwalimu, huku juu hakuna basi la kuwahi." Tulilala hapo, na asubuhi tukamshusha mwenzetu. Alipofika Nyabitaba alikuwa anacheka na kudai chai. Barafu hatukuiona hata kwa mbali, kwa sababu mawingu hayakufunguka. Wakala naye alitujibu kwamba fedha hazirudishwi kwa kuwa ni sisi tulioamua kugeuka.

Nimesimulia hayo kwa sababu kisa cha yule mwalimu wa michezo ndicho kiini cha jambo lenyewe. Maradhi ya kimo hayachagui mdhaifu. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo tu zaidi ya nusu ya ile ambayo mtu wa Mombasa anaivuta ufukweni. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini unaizoea kwa mwendo wake wenyewe, na mazoezi ya mpira wala ya mbio hayaufupishi mwendo huo. Waganga wa milimani wanashauri kwamba, mtu akishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya usiku mitatu au minne apumzike bila kupanda. Sasa chukua penseli: Kasese mjini iko chini ya mita 1,000 au karibu na hapo, Nyakalengija tunapoanzia ni kama mita 1,650, Nyabitaba ni 2,650, John Matte ni kama 3,400, Bujuku ni kama 3,960, na Elena ni 4,541. Hata mpango wa kawaida, wenye kulala katika kila kituo, unaugusa mpaka wa ushauri huo na kuuvuka kidogo. Wakala wetu alitaka tuuruke kwa zaidi ya mita elfu moja kwa siku moja.

Kwa hiyo mpango ninaoushauri kwa anayepita njia ya Nyakalengija ni huu. Siku nne za kupanda hadi Elena, kwa kulala Nyabitaba, John Matte, Bujuku na Elena. Siku ya tano iwe ya kilele, na siku hiyo hiyo kuteremka hadi maziwa ya Kitandara. Siku ya sita kupita kipito cha Freshfield hadi kituo cha Guy Yeoman. Na siku ya saba kutoka. Juu ya hizo saba, ongeza moja ya akiba ambayo itatumika Bujuku kwa mapumziko au Elena kungojea hali ya hewa. Mtu wa Kampala aongeze siku moja ya kuja na moja ya kurudi, jumla siku kumi. Najua mwajiri hatazitoa kwa furaha. Lakini asiyezipata mwaka huu ni afadhali azidunduize za mwakani kuliko kwenda na nusu yake, kwa sababu nusu ya siku hizo haikuletei nusu ya barafu. Inakuletea matope peke yake.

Kwa sisi walimu na wazazi wenye watoto shuleni, bahati imetuangukia katika kalenda. Miezi yenye nafuu ya mvua Rwenzori ni Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti, na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inaangukia sawasawa katika kipindi cha kwanza. Nasema nafuu, sisemi ukavu, maana mlima huu hunyeshewa mwaka mzima na mwenye kuacha koti lake la mvua nyumbani kwa sababu ni Januari atajuta kabla ya kufika daraja la Kurt Shafer.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linafichwa zaidi ya yote, nalo ni kwamba njia ya barafu ya leo siyo ile ya kwenye picha. Watu wengi, hasa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaolisoma gazeti hili, huipima Rwenzori kwa kipimo cha Kilimanjaro. Wanasema, Uhuru ni mita 5,895 na mjomba wangu aliufika akiwa na miaka hamsini na mitano, sasa Margherita yenye mita 5,109 itanishinda nini? Jibu ni kwamba Uhuru, kwa njia zake za kawaida, hupandwa kwa miguu na fimbo, na vivyo hivyo Lenana katika Mlima Kenya. Lakini Margherita haipandwi bila kamba. Anayekwenda huko ni lazima avae kramponi, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya buti, ajifunge mkanda wa kiunoni unaounganishwa na kamba ya wenzake, ashike shoka la barafu na kuvaa helmeti, kisha atembee gizani juu ya uso wa barafu wenye nyufa ambazo nyingine zimefunikwa na theluji changa.

Kupungua kwa barafu hakukuifanya kazi hiyo kuwa nyepesi, kama watu wanavyodhani. Kumeifanya kuwa ngumu. Zamani barafu ya uwanda wa Stanley ilikuwa pana na imeshikana, na mpandaji aliyeikanyaga mara moja aliendelea nayo. Sasa imekatikakatika. Mtu anatoka Elena akipanda mawe yenye kuteleza, anafika kwenye uwanda wa barafu na kuvaa kramponi, anauvuka, anazivua ili ashuke kwenye miamba, kisha anazivaa tena kuikabili barafu ya Margherita yenyewe ambayo imesimama kama paa la nyumba. Ambapo barafu imerudi nyuma, imeacha mwamba uliosuguliwa laini, na kwenye mwamba huo hutegemewa kamba zilizofungwa tayari. Kila mwaka njia husogezwa kidogo. Ndiyo maana swali la kwanza la kumwuliza anayekuuzia safari lisiwe la bei. Liwe: kiongozi atakayetupeleka alifika kilele mara ya mwisho lini, na njia ilikuwaje? Asiyeweza kujibu hilo ni mwuzaji wa picha.

Swali la pili ni la vifaa. Usikubali kramponi utakayoiona kwa mara ya kwanza usiku wa kilele. Jaribu kuifunga kwenye buti lako ukiwa bado Nyakalengija, au Kilembe inakoanzia njia nyingine, mchana, mikono ikiwa na joto, kwa sababu Elena saa nane usiku vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Ni saa nane kwa sababu inafaa kuwa juu mapema na kuanza kuteremka kabla mawingu hayajafunga, jambo ambalo mara nyingi hutokea asubuhi ile ile kabla ya adhuhuri. Viongozi hodari huwafundisha wageni kutembea na kramponi na kujizuia kwa shoka kabla ya usiku huo. Anayekwepa kufundisha ana haraka ya kwenda nyumbani.

Kuhusu nguo nitasema machache, kwa kuwa orodha zake hupatikana kila mahali. Kitu kimoja tu ambacho wageni hukidharau ni gambuti. Kati ya John Matte na Bujuku kuna vinamasi vya Bigo, na ingawa mbao za kupitia zimewekwa katika sehemu nyingi, kuna mahali ambapo mguu unazama hadi gotini. Nimeona kijana akiwa na viatu vya bei ya ng'ombe mzima akiomba kubadilishana na gambuti za mpagazi. Buti ngumu zibaki begini, ndani ya mfuko wa plastiki, hadi mawe yatakapoanza.

Anayependa kupita Kilembe, ulikokuwa mgodi wa shaba, atapata njia ndefu zaidi na yenye mandhari ya mabonde na maziwa ambayo wengi wanaisifu kuliko ile ya Nyakalengija, na huko siku nane za kufika Margherita na kurudi ni jambo la kawaida. Ila Kilembe imeshapigwa na mafuriko ya Mto Nyamwamba zaidi ya mara moja, mwaka 2013 na tena Mei 2020, hata hospitali yake ikaharibiwa. Kwa hiyo anayekuja miezi ya mvua apige simu kwanza kuuliza hali ya barabara na madaraja.

Hapo nitoke nje ya mada kidogo, Mhariri. Nimesikia ikisemwa katika mikutano kwamba barafu ikiisha mito yetu itakauka, Mubuku na Nyamwamba na mingineyo. Waliopima maji ya mito hiyo walikuta kwamba mchango wa barafu inayoyeyuka ni mdogo sana, na kwamba mito inalishwa na mvua, na vinamasi na misitu ndiyo inayoyashikilia maji hayo na kuyaachia polepole. Kwa hiyo mgeni anayekanyaga ovyo nje ya mbao za Bigo, au anayekata miti ya erika kuwasha moto, anaiumiza mito kuliko anavyodhani. Moto uliounguza sehemu ya vichaka vya juu mwaka 2012 ulitufundisha hilo.

Malipo nayo yana jambo moja la kuzingatiwa. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kilicho chini sana kuliko dola wanazotozwa wageni wa mbali. Nenda na kitambulisho chako cha taifa au pasipoti. Katika kuandika mapatano, taka kuonyeshwa kwa maandishi ni siku ngapi, nani atabeba nini, nani atalipia machela na wabebaji mtu akiugua, na nini kitatokea kwa fedha kundi likigeuka kwa sababu ya ugonjwa au hali ya hewa. Sisi hatukuyauliza hayo, na jibu tulilipata kwa njia niliyoeleza. Katika Rwenzori mgonjwa hushushwa kwa mabega ya watu, kwenye matope yale yale, wala mtu asijipe moyo kwamba ndege itamfuata ndani ya mawingu.

Mwenye shinikizo la damu, pumu au maradhi ya moyo aonane na daktari kwanza. Namwongeza hapo mwenye selimundu, kwa kuwa ugonjwa huo ni wa kawaida katika eneo letu, hasa Bundibugyo, na hewa haba ni hatari kubwa kwake. Sikuwahi kuona tangazo lolote la safari likilitaja hilo.

Neno langu kuhusu watu wa huko ni refu kidogo. Wakonzo ndio wenyeji wa miteremko ile, na viongozi na wapagazi karibu wote wanatoka vijiji vya Ibanda, Kilembe na jirani zake. Wengi wao wanazungumza Kiswahili kizuri kwa sababu ya ndugu na biashara za upande wa Congo kupitia Mpondwe, na pia kwa urithi wa mgodini, ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja. Tangu serikali yetu ilipokubali mwaka 2022 kukifanya Kiswahili lugha rasmi, nimekuwa nikisikia ikiulizwa kitatumika wapi nje ya jeshi na darasa. Kinatumika pale. Msafiri anayezungumza na kiongozi wake kwa Kiswahili, badala ya wote wawili kuhangaika katika Kiingereza, atamwelewa anapoambiwa kwamba ufa uko kushoto, na ataweza kueleza kichwa kinavyouma. Kwa lugha yao theluji ni nzururu, na katika imani za wazee huko juu ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wa mlima. Katika safari yangu ya pili mpagazi mmoja mzee alitusihi tupunguze kelele tulipokuwa tukiingia Bujuku. Kijana mmoja wa kundi letu alicheka. Mzee hakukasirika, alimwambia tu, "Mwanangu, wewe unakuja kuiona mara moja, sisi tunabaki nayo inavyokwisha." Tulinyamaza hadi kibandani, na sidhani kwamba ilikuwa kwa sababu ya kuchoka.

Naomba pia nisemee wasioweza kupata siku kumi, kwa sababu ndio wengi na ndio wanaoangukia mikononi mwa wauza siku nne. Wao nawashauri waiache barafu ya leo na waende kuiona njia ya barafu ya kale. Kuna mzunguko wa siku tatu unaofika Ziwa Mahoma, usiopanda sana, na ziwa hilo limekaa ndani ya kifusi cha mawe na udongo ambacho barafu ya maelfu ya miaka iliyopita ilikisukuma kutoka juu na kukiacha pale ilipoishia. Anayesimama kwenye ukingo ule, katikati ya msitu wenye mianzi na vinyonga wa pembe tatu, akaelezwa kwamba hapo palifikiwa na barafu, ataelewa ukubwa wa jambo linalotokea pengine kuliko yule aliyekimbizwa hadi Bujuku akitapika. Anaweza kufanya hivyo bila kamba na akiwa na watoto wakubwa kidogo. Nashangaa kwamba shule zetu haziipeleki darasa la jiografia pale kila mwaka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako hutangaza safari za Rwenzori kila zinapokaribia sikukuu, na matangazo ni riziki ya gazeti, sikatai. Lakini ingefaa kando ya tangazo la siku nne au tano pawe na mistari michache inayosema kituo cha kulala kila usiku na urefu wake, ili msomaji ahesabu mwenyewe. Na kila mwezi wa Novemba, kabla ya likizo, mwandishi wako ateremke Nyakalengija na Kilembe awaulize viongozi njia ya mwaka huo imekaaje, barafu imerudi hadi wapi, na kamba zimewekwa wapi, kisha achapishe majibu yao.

Kundi letu jipya, walimu watano na binti wa marehemu kaka yangu anayesomea uuguzi, litaanza safari Januari ijayo kwa siku nane. Wao wataendelea hadi kilele, Mungu akipenda. Magoti yangu yamenitaka niishie Bujuku, na nimeyakubalia. Nimeomba nipewe siku mbili pale, na kiti, kando ya ziwa, upande unaotazama Stanley, nikingojea mawingu yafunguke.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Kasese, Uganda